Boke Aliyekosa Maswali Yote

Boke, binti wa shemeji yangu Magige, alinisomea gazeti tangu yuko darasa la nne. Akikutana na asilimia, alikokotoa kichwani huku mimi natafuta miwani. Kwa hiyo matokeo ya darasa la saba yalipotoka na yeye yumo kwenye waliofeli, kijiji chetu cha Nyamwaga kilishangaa. Nilisema alikuwa na malaria siku ya mtihani. Marehemu mume wangu alikuwa mratibu elimu wa kata, na sikutaka ukoo wetu wa Nyangwine uwe mazungumzo ya kwenye mashine ya kusaga.

Ukweli Boke alinieleza tukipukuchua mahindi. Baba yake alimwagiza aweke kivuli kwenye herufi zisizo sahihi. Akifaulu halafu asipelekwe sekondari, mtendaji wa kijiji angemkamata mzazi. Akifeli, hakuna wa kuuliza, na watu wenye ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapita nyumbani.

Nilimfuata Magige zizini.

"Shemeji, serikali yenyewe imesema mtoto hajui," alinijibu. "Unabishana na serikali kwa vyeti vyako?"

"Imesema ulichomtuma aiambie."

Akacheka. "Haya, mtafutie shule ya wajinga. Akishindwa na huko anarudi kuolewa, tusisumbuane."

Nikampeleka upande wa Serengeti, kwenye shule ya bweni ya wasichana yenye mtihani wake wa kujiunga. Nilikaa kwenye benchi nje bila wasiwasi hata kidogo. Mchana mkuu wa shule, Mwalimu Irine, akatuita ofisini.

"Mama, uliniambia siku ya mtihani wa darasa la saba alikuwa na malaria. Na leo anayo?"

"Hapana."

"Maswali ya kuchagua kakosa yote. Yote! Hata mbuzi akikanyaga karatasi hii atapata mawili matatu."

Nikamtoa Boke nje. "Baba yako kakutuma tena?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Basi huyajui?"

"Nayajua."

"Sasa ni nini?"

"Sijui. Nikiliona jibu lenyewe, mkono unaliogopa."

Anayekosa yote bila kubahatisha hata moja, bila shaka anayajua yote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Halafu nikajiuliza, na kama namtetea tu kwa sababu ni wa kwetu? Mimi mwenyewe nimefika nilipo kwa mitihani. Sikuwahi kuishuku.

Nilirudi ofisini nikamweleza Mwalimu Irine kila kitu, na jina la Magige nikalitaja. Uso uliniwaka. Yeye akaichukua karatasi ileile, akaanza kumuuliza Boke kwa mdomo. Boke akajibu akiangalia sakafu, swali baada ya swali, na Mwalimu Irine hakumsahihisha mahali popote.

"Sasa nimpe alama za mkono au za mdomo?" akauliza. Sikujua kama ananiuliza mimi.

Alimpokea kwa majaribio, mpaka mtihani wa mwisho wa muhula. Mtihani wa kuandika.

Niliporudi, Magige alikuwa ananisubiri njiani.

"Shikamoo, shemeji. Mtoto yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko shule."

"Kapata ngapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sina namba ya kumpa.

"Wamempokea," nikasema.

"Nimeuliza kapata ngapi."

Nikampita, nikaingia ndani.