Mama Ndani, Ufunguo Ndani

Nakumbuka adhuhuri moja pale Makadara, mwanangu, jua limesimama utosini na lami inanata viatuni, nami nimezungukwa na wanaume wanaoniamuru hiki na kile huku mikono yao imo mifukoni. Sijawahi kuisimulia hadithi hii yote. Leo nitaisimulia, kwa sababu jana nilikuona ukiinamisha kichwa.

Umepata leseni juzi tu, umejinunulia gari kuukuu kwa jasho lako, na mlango ukajifunga ufunguo ukiwa ndani. Mjomba wako akasema mbele ya watu wote, "Gari halikufai, liuze." Nawe ukanyamaza kana kwamba umeiba. Mimi sikupenda. Kaa hapa, mwanangu, chai itakuja.

Marehemu babangu alikuwa na gari la milango minne, la bluu, lililofifia rangi kwa jua na chumvi ya bahari. Alinifundisha kuliendesha mwenyewe, asubuhi za Jumapili barabara zikiwa tupu, na hakuwahi kunipigia kelele hata nilipolikwaruza kwenye ukuta wa jirani. Macho yake yalipoanza kudhoofika aliniita sebuleni kwetu Kuze, akaniwekea ufunguo mkononi mbele ya mamangu na mbele ya ndugu yake, Ami Twalib. Akasema, "Gari hili nampa Rukia. Nampa nikiwa hai, lisije likatiwa kwenye mirathi." Haikuchukua muda akatutoka.

Ami Twalib hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Kila Ijumaa alituletea samaki, na hakuna siku aliyotusahau. Lakini lile gari lilimkaa rohoni. Kila tulipokutana ilikuwa maneno yale yale: "Mtoto wa kike na usukani, wapi na wapi? Siku utakapotuaibisha njiani, utanipa huo ufunguo." Nami nilimjibu, "Sabalkheri, ami," nikapita zangu. Sikumwahidi kitu.

Kisha mamangu akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wote ulikufa ganzi, mkono na mguu, na mdomo ukapinda kidogo. Nikawa nampeleka kliniki kwa gari lile lile ambalo wenye hekima zao waliniambia nimwachie mwanamume.

Sasa, magari ya zamani si kama haya yanayofungwa kwa kubonyeza kidude ukiwa mbali. Yalikuwa na vijiti vya kufungia, vinachomoza juu ya mlango karibu na kioo. Ukikibonyeza kimefunga, ukikivuta kimefungua. Vijiti vya gari letu vilikuwa vimelegea kwa uzee. Cha mlango wa abiria wa mbele, pale alipokaa mama, kichwa chake kilikuwa kimekatika, kimebaki kijichuma laini kama sindano. Nilijua vimelegea. Kwamba kijiti kinaweza kushuka chenyewe mlango ukibamizwa, hilo sikulijua mpaka siku hiyo.

Tulikuwa tumetoka kliniki. Nikasimama mbele ya duka la dawa. Watu walikuwa wakichimba barabara, vumbi limetanda, kwa hiyo vioo vyote nilikuwa nimevipandisha. Mama alikuwa akisikiliza kisomo redioni, akaniomba nisiizime, basi nikauacha ufunguo mahali pake. Milango mingine nilikuwa nimeifunga tangu kliniki, asije akaegemea mmoja ukafunguka. Nikashuka, mkono mmoja mkoba, mwingine cheti cha dawa, nikausukuma mlango kwa nyonga. Ukajifunga kwa kishindo.

Niliporudi na dawa, nikavuta kitasa. Hakiji. Nikavuta tena. Nikazunguka gari lote nikivuta vitasa, na mamangu ananitazama kupitia kioo, anashangaa ninacheza mchezo gani.

Watu wakajaa, unawajua watu wa Makadara. Mmoja akaleta waya, akaupinda, akauingiza pembeni mwa kioo, ukarudi umenyooka. Mwingine akampigia mama kelele, "Vuta juu, bibi! Juu!" Mwingine, "Si hapo, nyuma yako!" Mama akageuka huku na huku, akachanganyikiwa, akafumba macho. Buibui lilikuwa limemganda shingoni kwa jasho.

Hapo ndipo Ami Twalib akatokea. Duka lake la vitambaa halikuwa mbali.

"Nilijua!" akasema, kwa sauti ya kusikika na walio ng'ambo ya barabara. "Nilisema mimi!"

"Ami, mama hawezi kukaa humo. Navunja kioo."

"Hakivunjwi. Kioo hiki marehemu alikiagiza ng'ambo, hakipatikani tena. Yuko fundi wa vitasa Bondeni, nimeshamtuma mtu amwite. Ngoja."

"Mama atazimia."

"Mamako ana subira. Wewe ndiwe huna."

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuwapazia sauti watu wazima. Siku hiyo niliwageukia wote, nikasema, "Nyamazeni! Nyote!" Wakanyamaza, nadhani kwa mshangao zaidi kuliko adabu. Nikapiga magoti kwenye lami ya moto, uso wangu ukawa sawa na wake, nikamwita taratibu, "Mama, nitazame mimi. Mimi peke yangu." Akafumbua macho. Nikamwonyesha kwa kidole kile kijichuma begani kwake, maana kijiti cha upande wangu asingekifikia. Akapeleka mkono wake mzima, wa kulia, ukakivuka kifua, vidole vikakigusa. Vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza tena. Mkono ukamwangukia mapajani na kichwa kikalala kando.

Nikainuka. Jirani wa duka la dawa alikuwa Bi Mwanasha, muuza bizari, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kunipa mchi wa chuma wa kutwangia viungo.

Ami Twalib akajipanga mbele ya dirisha la mama, mikono ameitandaza. "Ukikivunja kioo hiki, leo ufunguo nauchukua."

"Sogea, ami."

"Sisogei."

"Basi kilinde hicho," nikamwambia. Nikazunguka nikaenda upande wa pili, dirisha la nyuma, lililo mbali kabisa na mama. Nikamwashiria ajifunike uso kwa leso. Alinielewa. Pigo la kwanza mchi uliruka ukanirudi mkononi, na mtu mmoja akacheka. La pili nililipiga kwenye pembe ya kioo, kikamwagika chote kama chumvi ya mawe. Nikaingiza mkono, nikakivuta kijiti, nikafungua mlango wa nyuma, nikapenya hadi mbele. Joto la mle ndani lilinipiga kama la tanuri ya mkate. Tulimtoa mama, tukamkalisha kivulini kwa Bi Mwanasha, akanyweshwa maji kidogo kidogo mpaka rangi ikamrudia. Mkono wangu ulikuwa umechanika kuanzia kiwiko mpaka kiganja na sikuwa nimehisi.

Ami akaja, akaukunjua mkono mbele yangu. "Ufunguo."

"Babangu alinipa mimi. Wewe ulikuwepo."

"Na aibu hii?"

"Aibu gani, ami? Mtu yuko hai."

Ndipo mamangu, kwa ule mdomo wake uliopinda, akasema neno moja moja: "Twalib. Wautaka ufunguo? Chukua. Kisha nibebe mgongoni mpaka Kuze. Na kliniki wiki ijayo. Na kila wiki."

Kicheko kilichopasuka pale nakisikia mpaka leo. Ami akautazama mkono wake uliokunjuliwa kana kwamba si wake, akaurudisha mfukoni, akaenda zake. Nami nikamrudisha mamangu nyumbani, damu kwenye mkono wa nguo na upepo unaingia kwa nyuma. Dirisha lile nililiziba kwa nailoni, na kwa muda wote huo sikubadilisha njia. Nilipita mbele ya duka la vitambaa, nailoni inapigapiga, nikampungia ami mkono. Ijumaa samaki wakaletwa kama kawaida. Hakuniomba radhi, wala ufunguo hakuutaja tena.

Basi sikiliza, mwanangu. Kama gari lako ni la zamani, mlango usiufunge kwa kuubamiza. Ufunge kwa ufunguo, ukiwa nje, na kabla hujauachia mlango uguse ufunguo kwa vidole vyako. Kuamini tu kwamba unao hakutoshi. Vitasa vilivyolegea vitengeneze kabla hujafikiria rangi wala redio. Chonga ufunguo wa pili, na uuchonge kutokana na ule wa asili, maana nakala ya nakala hukwama. Usiuweke ndani ya gari, utakufaa nini humo? Mpe mtu ambaye hata ukimgongea saa mbaya atakufungulia. Mtu asiyejiweza usimwache garini hata kwa kununua kidonge kimoja, hilo mimi sikulirudia tena. Na ikitokea mtu yumo ndani na jua kali, usingoje fundi wala ruhusa ya yeyote. Mwambie ajifunike uso, tafuta kioo kilicho mbali naye, piga pembeni, vunja. Kioo ni kioo.

La mwisho ndilo lililonifanya nikuite. Mlango kujifunga ni mlango kujifunga. Usikubali mtu aligeuze hilo kuwa hukumu juu yako, akuvue kitu ulichokipata kwa haki. Tengeneza kilichoharibika, kisha kesho upite barabara ile ile, mchana, wakuone. Mjomba wako msalimie kwa heshima zake zote. Gari usimpe.

Mungu akuhifadhi njiani uendako na urudipo, akupe macho makavu na moyo usiotishika, na wale uliowabeba akufikishie salama. Haya, kunywa chai, halafu nenda kachonge huo ufunguo.