Sindano ya Mwaka Mzima

Niliondoka Ngara Jumatatu asubuhi kwa sababu ya karatasi moja ya maabara. Upasuaji wa titi ulikuwa umekwisha, dripu za kemo nazo zimekwisha, na nywele zimeanza kuota. Lakini karatasi ilisema saratani yangu ni ya aina ya HER2. Daktari wangu wa Mwanza akashauri dawa inayolenga aina hiyo hasa: sindano ya kwenye mshipa kila wiki tatu, mwaka mzima. Akaniandikia rufaa ya Kigali, ambako ni karibu zaidi na kwetu, na ambako anaishi Mwamini, binti wa mama yangu mdogo. Mimi nilikwenda kuuliza kama naihitaji kweli. Nina presha, na niliambiwa dawa hiyo huweza kudhoofisha moyo.

Saa nne nilikuwa mpakani Rusumo. Nilivuka daraja la Kagera, nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, nikapanda basi. Barabara ilizunguka vilima vya migomba hadi Kayonza, kisha Rwamagana. Hakuna aliyeniuliza habari za afya yangu, nami nilifurahia hilo.

Mchana, Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali. Mwamini alinipokea, tukapanda pikipiki mbili hadi mtaa wa Biryogo, anakoshona nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake.

"Hapa iko kitanda yako," alisema. "Kila wiki tatu, ukitaka, iko yako."

Jumanne, hospitalini, nilipimwa moyo kwa mashine ya picha, kisha nikaingia kwa daktari, mama wa makamo aliyekulia Karagwe.

"Moyo wako unatosha kuanza," alisema.

"Na nisipoanza?"

"Huenda usiugue tena. Lakini aina hii hurudi kwa urahisi, na dawa inapunguza hatari hiyo. Haiiondoi. Wewe utakuwa upande gani, siwezi kukuambia."

"Na moyo ukichoka?"

"Tutaupima kila miezi mitatu. Nguvu zake zikishuka, tunasimamisha dawa. Mara nyingi hurudia hali yake. Si mara zote."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Akanipa hadi Alhamisi niamue.

Jumatano nilikaa karibu na cherehani. Mwamini alikuwa akikunja pindo la gauni.

"Unaogopa moyo?" aliuliza.

"Kidogo."

"Sasa zaidi unaogopa nini?"

Nikamwambia nisichokuwa nimemwambia hata mume wangu, Baba Neema: nimechoka kuwa mgonjwa. Nilitaka iishe, nirudi kufundisha, nisahau.

"Ihangane, dada," alisema, akinipa pole kwa Kinyarwanda. Akashona kidogo, kisha akasimamisha mguu. "Ukikataa, kataa na sababu ya kweli. Usiambie Baba Neema ni moyo."

Hicho ndicho nilichokuwa nimepanga kumwambia.

Alhamisi nilikubali. Dawa iliingia polepole kwa dripu, muuguzi akinitazama. Nilitetemeka kwa homa kama nusu saa, wakanipa vidonge, ikapoa. Daktari aliandika tarehe ya kurudi, akasema nikitaka kuacha njiani nimweleze, nisipotee tu.

Ijumaa mchana Baba Neema alinisubiri upande wetu wa mpaka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nichague. Nimechagua kuendelea." Kisha nikamweleza na ule uchovu.

"Nilidhani ni mimi tu niliyechoka," alisema. Akaomba tarehe, ili twende wote.

Nilikwenda Kigali kutafuta mtu wa kuniambia ndiyo au hapana. Nilijifunza kwamba daktari mzuri anaweza kueleza kila anachojua na bado uamuzi ukabaki kwangu, na kwamba siwezi kuamua vizuri huku nikijidanganya kuhusu ninachokiogopa.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuwa akinijazia fomu ya ruhusa za mwaka. Aliuliza aandike nini, nimepona au bado naumwa.

"Andika natibiwa," nilimwambia, nikachukua chaki, nikaenda darasani.