Muhuri Namba 47

Erastus Munga amepima mita za umeme miaka thelathini na mmoja, na mtu asikudanganye, kazi hiyo huchosha macho kabla ya mgongo. Katika karakana ya kampuni yao ya umeme, Changamwe, mita hupitishiwa umeme kidogo, kisha mwingi, zikilinganishwa na moja inayoaminika. Iliyo sawa hufungwa muhuri wenye namba ya aliyeipima. Ya Erastus ni 47.

Siku ya Jumanne alitumwa Mishomoroni, kwa Nyamvula, mjane anayepiga pasi nguo za watu. Tokeni zake za umeme zilikuwa zikiisha mbio. Kwa kuwa yeye na mpangaji wake Rispa hutumia mita moja, Nyamvula alijipa jibu: Rispa anapikia jiko la umeme la koili kwa siri. Akamfukuza, kitanda na vyombo vyake vikatolewa nje watu wakitazama. Wiki mbili sasa, na tokeni bado zaisha mbio.

"Karibu, bwana fundi. Jua hili, magoti yasemaje?"

"Yalalamika tu, mama."

Erastus akazima kila kitu nyumbani. Taa nyekundu ya mita, inayopepesa umeme unapotumika, ikatulia, kumaanisha hakuna aliyeiba kwa waya. Akawasha pasi peke yake, akaunganisha mita yake ya kulinganishia pembeni, akakalia ndoo na kuhesabu. Yake ilipopepesa mara mia, ile ya ukutani ilikuwa imefika mia na kumi na nane. Akarudia mara tatu, maana mtu mchovu huhesabu vibaya. Jibu likawa lile lile.

Ndipo akavaa miwani na kusoma muhuri. Namba 47, na tarehe ya Ijumaa moja.

Akaikumbuka Ijumaa ile: feni mbovu, miguu imevimba, mita hazimaliziki. Za mwisho alizipima kwa umeme kidogo tu, akazifunga, akaenda zake. Kwa taa, mita hii ilisema kweli. Kwa pasi, ilidanganya. Angeweza kuing'oa, aandike "imeharibika", na hakuna ambaye angeuliza. Lakini aliona haya hadi masikio yakamwaka.

"Mama, mita ndiyo mbovu. Na namba hii ni yangu. Niliipitisha bila kumaliza kuipima."

Nyamvula akaitazama mita. "Kwa hivyo Rispa hakuniibia?"

"Hakukuibia."

"Nami nilimwita mwizi mbele ya watu." Akajifuta uso kwa leso. "Simu yangu hapokei. Mpigie kwa yako."

Erastus, aliyechoka tangu asubuhi, akabonyeza namba aliyotajiwa. Ikaita mara nne.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Naitwa Erastus, mpima mita. Hunijui, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufanya ufukuzwe."