Mluzi wa kumsimamisha farasi

Mimi si mtu mpole. Muulize mume wangu. Lakini kwa yule farasi mchanga wa patron, sijui upole ulinitokea wapi.

Patron, mwenye nyumba ya wageni ninakofua mashuka hapa Kamembe, alikulia Bukavu, akarudi na hamu ya kuona wageni wakipanda farasi kando ya ziwa. Farasi alipofika, vijana wa bustani walimfokea kama ng'ombe aliyeingia kwenye maharage, naye akajifunza kuogopa sauti ya kila muntu. Mimi nilimwacha aninuse kwanza. Kila nilipomaliza kufua nilimtandikia shuka kuukuu mgongoni, hadi akaacha kutetemeka. Baadaye gunia la majani. Baadaye tandiko lenyewe, bila kulifunga. Nilipoanza kulifunga, akilaza masikio tu, nalegeza.

Kwa kuwa sauti ilimshtua, nilimfundisha kusimama kwa mluzi. Mmoja, mrefu. Akisimama, anapata karoti.

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Anaita msiba, wanasema, na msiba huanzia kwa mume. Nimemaliza sekondari, hayo nayachekaga. Ila nilipiga nyuma ya kamba za mashuka, pasipo na mtu.

Siku ya kumpanda mbele ya watu, patron aliniambia wazi: "Maman, leo akinikatala, ninamuuzisha."

Farasi hakumkataa. Alizunguka ua kwa adabu, mimi nikaanza kupumua. Ndipo pikipiki ikaingia na mikungu ya ndizi, na nyuma ya dereva amekaa baba mkwe wangu, anayeliuzia jiko letu ndizi kutoka Gashonga. Mkungu mmoja ukaanguka chini. Farasi akaruka, akakimbilia ngazi za mawe zinazoshuka ziwani, patron amemkumbatia shingo.

Nilimwita. Akazidi mbio. Nikamtazama baba mkwe, ambaye mbele yake sijawahi hata kutafuna. Nikapiga mluzi.

Farasi akasimama palepale.

"Nani ule amepiga mluzi?" mpishi akauliza kutoka dirishani.

"Labda ni ndizi," dereva akasema, watu wakacheka.

Baba mkwe hakucheka. Alijipangusa mikono polepole.

"Binti yangu, mutoto wangu iko muzima?"

"Ni muzima, papa," nilijibu nikitazama miguu yangu.

"Basi umuchunge."

Masikio yaliniwaka. Nimeokoa shingo ya mtu, na anayetafuta pa kujificha ni mimi. Nilikasirika hadi nikashindwa kufunga kitenge changu vizuri, na hasira ile haikuiondoa aibu hata kidogo.

Patron hakumuuza. Alijaribu kuujifunza mluzi wangu, akatoa upepo mtupu, farasi akaendelea na majani yake. Kwa hiyo mgeni akipanda, mimi naitwa kutoka kwenye karai. Nasimama katikati ya ua, mama wa batoto wawili, napiga mluzi unaosikika hadi barabarani. Wageni wanapiga makofi. Wake za majirani wananichungulia juu ya uzio, wanaulizana habari za afya ya mume wangu, kwa sauti, ili nisikie.

Sijakosa, hilo nalijua. Lakini siku baba mkwe analeta ndizi, nawaambia wageni farasi amechoka.