Mawimbi ya Fundi wa Mabango

Kila ukuta anaoupaka rangi mchora mabango wetu hapa Lurambi, bara mbali na bahari, hata uwe wa bucha, chini kabisa utakuta utepe wa buluu wenye mawimbi. Wateja hulalamika. “Fundi, mimi nauzanga nyama, haya maji ni ya nini?” Yeye hupangusa kidole gumba kwenye kikoi chake kilichopauka, kisha hujibu kwa ile sauti ya Mombasa isiyo na haraka: “Bila hayo sijui pa kusimama, bwana wangu.” Herufi huzipiga bila rula, akitamka kila neno kabla ya kuliandika, na sisi tunaochanganya l na r hutucheka mpaka tukasirike. Mimi kinyozi, kwa kuteleza ulimi mara moja tu, aliniita fundi wa nywere mwezi mzima.

Jana alikuwa akiandika ukuta wa hoteli ya Mama Muhonja, jirani yangu. Akatamka, akaandika, akarudi nyuma kutazama. Juu ya mawimbi, kwa herufi nyekundu za kupendeza, palisomeka: PIRAU. Mama Muhonja akapiga makofi. “Imetoka safi, fundi!” Mimi mzaha ulikuwa tayari mdomoni, nimeungoja miaka. Ndipo nikamwona akilitamka tena lile neno, polepole, mara ya pili, ya tatu, kama mtu anayebisha mlango wa kwao na hafunguliwi. Nikaumeza mzaha wangu. Yeye akachukua kopo la buluu, akapiga magoti, akaanza kuyapandisha mawimbi, yakapanda, yakapanda, mpaka yakalifunika neno zima.