Dorotea na Ngozi Iliyobanduka

Dorotea wa Nyamuswa alipofiwa na mumewe, alikataa kurithiwa na shemeji yake, Keraryo. Akabaki na ng'ombe wachache na shamba la pamba, akalima mwenyewe. Ukoo ukanuna.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna pamba, haja ndogo ilianza kumchoma. Akanunua vidonge duka la dawa, akavimeza zaidi ya wiki. Maumivu yakapoa, ikaja homa. Macho yakawa mekundu, mdomo ukajaa vidonda, madoa ya zambarau yakatapakaa kifuani na kufura malengelenge. Ngozi ya mgongoni ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Keraryo akaja na wazee wa ukoo. "Ni marehemu huyo, shemeji, amekasirika ulivyokataa kurithiwa. Kubali mbuzi achinjwe, uhamie kwangu, utapona."

Dorotea alisema kwa shida, midomo ikivuja damu. "Marehemu alikuwaga ananipenda. Hawezi kunichuna."

Akamwomba jirani yake, Yunis, atafute gari. Bodaboda asingeweza kuikalia.

Hospitalini Bunda, Daktari Hilda alimtazama kinywa na macho, kisha akasukuma ngozi polepole kwa kidole. Ikateleza.

"Mama, siku za karibuni umemeza dawa gani?"

Yunis akatoa vidonge vilivyobaki.

"Hizi zina salfa. Mwili wako umezikataa. Usimeze tena hata kimoja, maisha yako yote."

Alilazwa chumba cha peke yake, akahudumiwa kama mtu aliyeungua moto: dripu, vidonda kufunikwa vitambaa safi vyenye mafuta, macho kusafishwa yasishikane. Kila vitambaa vilipobadilishwa alipiga kelele, wala hakuona haya. Keraryo akatuma ujumbe kwamba mbuzi bado yupo. Dorotea akajibu: "Mleni."

Alipona. Jicho la kushoto halioni vizuri hadi leo, na ngozi ina mabaka. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali alikwenda kanisani na gauni lisilo na mikono. Wanawake wakajisogeza pembeni ya benchi. Akakaa katikati, akaimba.

Baada ya ibada Keraryo akamsimamisha mlangoni. "Umeona alama alizokuachia marehemu?"

"Ni za vidonge. Salfa haijui ukoo, shemeji, wala haijui nani kamkataa nani."

Watu wakacheka. Dorotea hakucheka. Akawageukia, akawatajia dawa ile kwa sauti. "Ukimeza dawa ukatoka malengelenge, iache, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usimwombe mtu ruhusa."

Msimu huu amelima shamba lote.