Kocha na dubwana linaloponya jirani

Saa mbili asubuhi mlango wa chumba cha gemu bado umefungwa, lakini katika chumba cha nyuma vita vimeshapamba moto. Mama Gemu, kama wateja wanavyomwita, ameketi ukingoni mwa kitanda, pedi ya kuchezea mkononi, macho kwenye runinga ndogo aliyoihamishia huku. Dubwana lake la kwenye gemu limetiwa sumu na nguvu zinaliishia.

Kando yake mumewe, Kocha, ameegemezwa kwenye mito. Pedi yake imefungwa pajani kwa kitambaa, na kazi yote inafanywa na kidole gumba cha kushoto.

"Mume wangu, nakufa hapa!"

"Ngoja," anajibu Kocha. Siku hizi maneno hayamtoki kwa urahisi.

Zamu inaisha. Dubwana la Kocha, bonge la mnyama wa rangi ya waridi waliyempa jina la Nesi, linang'aa kidogo, na sumu inamtoka mwenzake. Mama Gemu anapiga vigelegele utadhani kaolewa jana.

Nesi hajui kupigana, ukweli usemwe. Ana kipaji kimoja tu: kila zamu ikiisha, huenda akamponya aliyesimama kando yake, awe ametiwa sumu, ameunguzwa au amelazwa usingizi. Huenda, maana si kila mara. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Anachotakiwa ni awepo uwanjani. Na yeye mwenyewe hajiponyi.

"Ndiyo maana alimchagua," anasema mkewe. "Mkono mmoja umekufa, mwingine mzito. Huyu anafanya kazi bila kubonyezwa."

Chumba hiki cha gemu kilianzishwa na Kocha. Nusu ya vijana wa mtaa wamefundishwa naye kuyapanga madubwana, na jina lake lilitokea hapo. Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi akiwa huku chumba cha nyuma, mkewe akiwa upande wa pili wa ukuta. Wateja walijaa, spika zimefunguliwa mpaka mwisho.

"Nilisikia kishindo. Puu! Nikajua ni dubwana limeanguka kwenye gemu. Nikacheka kabisa, nikawaambia, 'Jamani, leo mnauana!'" Anajifuta macho kwa kiganja. "Mume wangu yuko chini sakafuni, na mimi nacheka."

Alimkuta baadaye sana, alipoingia kuchukua soda. Daktari alimweleza waziwazi kwamba kiharusi kingine kinaweza kuja, na saa yake haijulikani.

Tangu hapo anafanya kazi roho juu. Sauti za gemu ameziteremsha hadi zikawa mnong'ono, na wateja wakaanza kuhamia kwingine. "Wananitania, eti hapa tunacheza gemu za msibani," anasema. Mapato yameshuka karibu nusu. Mteja akidai chenji, anamkuta ameshaenda kuchungulia nyuma.

Dawa aliijua: kuubomoa ule ukuta, Kocha awe mbele ya macho yake kutwa. Kocha akakataa katakata. Upande mmoja wa uso umelegea, mate yanamtoka bila yeye kujua. Wale aliowafundisha wakija kumjulia hali, anageukia ukutani.

"Wasinione," alimwambia mkewe. Mke akabaki anabembeleza mwaka mzima, wapi!

Halafu mwezi uliopita akafanya kosa. Walikuwa wakishindwa kila asubuhi, naye akaingiwa na huruma. Mumewe alipokuwa amelala, akamwondoa Nesi kwenye timu na kumwekea dubwana jingine lenye pembe na ngumi za hatari.

"Nilidhani namsaidia, kumbe!"

Asubuhi Kocha alipowasha gemu na kuona, aliing'oa pedi pajani akaitupa chini. Akalia. "Umenitoa," akasema. "Umenitoa... mimi."

Hapo uvumilivu ukamwisha Mama Gemu. Anakiri kwamba alifoka hadi jirani akagonga dirisha. "Nikamwambia, nani kakutoa? Si umejitoa mwenyewe! Dubwana lako hutaki litoke uwanjani hata kidogo, wewe umejificha nyuma ya ukuta, mimi huku napigana peke yangu!"

Alijuta neno la mwisho lilipomtoka. Alimwomba radhi, akamrudisha Nesi kwenye timu, akampikia uji. Kocha hakuugusa, wala hakumtazama. Siku nzima ilipita hivyo, na Mama Gemu anasema hajapata kuogopa namna ile tangu walipooana.

Jioni alikuwa akimfuta mate mdomoni, mume akamshika mkono kwa ule wake wa kushoto.

"Bomoa," akasema.

Fundi mwashi anakuja Jumatatu. Kitanda kitawekwa pembeni ya meza ya malipo, na Mama Gemu anapanga kuanzisha mashindano ya wawili wawili. Timu ya kwanza kuandikishwa ni ya kwake na mumewe. Sauti za gemu zitarudi juu. Mwenye kero aondoke.

Hajidanganyi. Daktari amesema mkono uliokufa haurudi, na anaona mwenyewe jinsi Kocha anavyozidi kupungua kila wiki. Usiku mwingine analia kimyakimya, asimwamshe.

"Kuwa hatapona, nimeshaambiwa na nimeshalia," anasema, akimfungua kitambaa pajani. "Kiharusi kingine kikija, mimi nitakuwa hapa. Safari hii nitamdaka."